Skana ilisema vifaa vyote 38 vipo, nilipofika kituoni laptopu tatu hazipo

FundiWaArua

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni mrefu kidogo, anayetaka chai aibandike kwanza jikoni.

Mimi ni mtu wa kompyuta kwenye shirika moja huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Makao yetu yako Arua mjini, na tuna vituo Koboko, Yumbe na Moyo. Kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha haujafungwa, tunahesabu vifaa vyote: laptopu, kompyuta za mezani, monita, printa, UPS (lile boksi la betri la kushika umeme ukikatika), modemu, projekta. Miaka yote tumehesabu kwa karatasi. Mmoja anainama chini ya meza anasoma namba, mwenzake anaandika. Huyu anasema "bi", yule anasikia "di". Herufi O inageuka sifuri, S inageuka 5. Tukirudi ofisini, wiki mbili zinaishia kubishana na mwandiko wetu wenyewe.

Mwaka juzi nilimpigia simu mama mmoja wa kituoni, nikamwomba anisomee siriali, yaani namba ya kiwandani, ya laptopu yake. Kimya. Kisha kwa sauti ya chini kabisa akanitajia tarakimu tano. Kumbe alisikia "namba ya siri", akanipa ile ya mobile money. Nilimwambia aibadilishe siku hiyo hiyo.

Basi mwaka huu nikaomba ninunuliwe skana ya bakodi, kifaa cha kusoma ile mistari ya lebo. Nikaipata Kampala, ya waya wa USB, ile yenye umbo la bastola. Nikachapa lebo 214, kuanzia ARU-0001 hadi ARU-0214, kila lebo nakala mbili: moja ya kubandika, nyingine ya akiba ya kubadilisha ikibanduka. Hizo nakala za akiba zishikeni kichwani, nitazirudia.

Kwa ambao hawajawahi kuishika: skana haina akili yoyote. Ukiichomeka, kompyuta inadhani umechomeka kibodi nyingine. Ukivuta kile kidude cha kidole, inaandika herufi za bakodi pale mshale ulipo, kisha inabonyeza Enter yenyewe. Kama mshale uko kwenye jedwali, vizuri. Kama uliacha barua pepe ya bosi iko wazi, namba ya printa ya uhasibu inaingia katikati ya "Ndugu Mkurugenzi, naomba ruhusa". Yamenikuta.

Arua mjini nilimaliza vifaa 121 kwa siku moja na nusu. Vituoni sikwenda. Niliwatumia lebo, wabandike wenyewe kwa kufuata orodha ya zamani, halafu wakatumia programu ya simu inayosoma bakodi kwa kamera na kuandika saa ya kila skani. Kituo kimoja, sitakitaja, kilileta 38 kwa 38. Safi kama sahani ya mgeni. Nilikisifu mkutanoni mbele ya watu.

Wiki tatu baadaye akaja mfanyakazi mpya, anahitaji laptopu. Rejesta inasema ARU-0163 iko kabatini kwenye kituo hicho hicho, haina mtu. Napiga simu, mara funguo haionekani, mara mwenye funguo yuko msibani. Nikapanda gari mwenyewe. Kabatini kulikuwa na katoni za karatasi na mwamvuli. Nikahesabu chumba hadi chumba: laptopu tatu hazipo.

Jioni nikafungua lile faili la skani nikatazama safu ya saa, ambayo sikuwahi kuitazama. Skani ya kwanza 10:42:07. Ya mwisho 10:43:58. Vifaa 38 kwa sekunde 111, katika nyumba ya vyumba vitano na stoo iliyoko uani!

Asubuhi nikaomba zile nakala za akiba. Zikatolewa kwenye droo, zimetiwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, na juu ya nailoni kuna duara la kikombe cha chai. Jamaa alikaa kitini, akaskani karatasi.

Sasa naomba mawazo. Mnafanyaje ili skana ihesabu kompyuta, isihesabu stika?

PipiKifua

"Duara la kikombe cha chai." Angalau alikunywa chai akiwa kazini.

KijanaBusia

Kaka FundiWaArua, pole. Mimi nauza na kutengeneza kompyuta hapa Busia, karibu na mpaka. Dawa ni kuskani mara mbili. Kwanza stika yako, halafu bakodi ya kiwandani iliyo kwenye mashine. Ile ya kiwandani haiko kwenye karatasi yako ya akiba, lazima mtu ageuze laptopu tumbo juu. Stika inasema "mimi ni ARU-0163", kiwanda kinajibu ndiyo au hapana.

FundiWaArua

@KijanaBusia asante kaka. Hilo la kiwandani nilianza nalo Arua kabla ya hizi lebo zangu, likanitoa jasho. Nilikuwa na monita 31 za aina moja. Nikazipita zote nyuma, tii, tii, tii, nikajiona bingwa. Kutazama jedwali, mistari 31, namba ni moja ile ile. Nilikuwa naskani bakodi ya modeli. Ya siriali ilikuwa chini yake, ndogo zaidi, imepakana nayo, na leza ilikuwa inakamata ile kubwa.

KijanaBusia

Hahaa, hiyo wengi wanaangukia. Mashine moja inaweza kubeba bakodi tano: ya modeli, ya siriali, ya kadi ya mtandao, ya kipuri, na nyingine za kiwanda tu. Ziba kwa kidole zile usizotaka, acha moja uchi. Mimi natumia kipande cha kadibodi chenye dirisha nililolikata kwa wembe.

Na zoea sura ya namba. Dell ile wanayoiita Service Tag ina herufi na tarakimu 7 tu. Ukiona imeingia namba ndefu ya tarakimu tupu, umeskani Express Service Code, ambayo ni Service Tag hiyo hiyo iliyogeuzwa tarakimu ili mtu aweze kuibonyeza kwenye simu. Lenovo nao, bakodi yao mara nyingi huanza na 1S, ikifuatiwa na modeli, na siriali iko mkiani. Ukiiacha hivyo hivyo haitalingana na inayosomeka kwa macho.

DadaHesabu

Naomba nichangie upande wa Excel, maana hapo ndipo ninyi mafundi mnapotuletea maafa halafu mnaondoka.

Kabla hujaskani hata kifaa kimoja, chagua safu nzima uifanye ya maandishi, yaani Text. Usipofanya hivyo, namba inayoanza na sifuri inapoteza sifuri zake. IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu au modemu yenye tarakimu 15, itaonekana kama 3.56E+14. Hiyo bado unaweza kuiokoa, kwa sababu Excel hushika tarakimu 15 sawasawa. Lakini namba ya laini ya simu, ile ndefu iliyochapwa kwenye kadi yenyewe, ina tarakimu 19 au 20. Excel itashika 15 za kwanza na kugeuza zilizobaki sifuri, na ukiibadilisha safu kuwa maandishi baadaye umeshachelewa. Kuna siku niliskani laini za modemu za ofisi nzima, zote zikaishia na 00000. Nilirudi kuziskani upya moja moja nikiwa na viatu vya harusini, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na mkaguzi anakuja Jumatatu.

Na ile siriali yenye tarakimu tupu isipokuwa herufi E moja katikati, Excel inaweza kudhani ni hesabu ya kisayansi ikaibomoa mbele ya macho yako.

Halafu weka safu ya COUNTIF pembeni ikuambie namba ikijirudia. Zile monita 31 zingepiga kelele kwenye monita ya pili.

PipiKifua

Dada yangu, viatu vya harusini? Tunataka uzi wa peke yake.

DadaHesabu

Kaa hapo hapo usubiri.

Jirani_wa_Ariwara

Jambo wandugu. Mimi niko ng'ambo ya mpaka, Ariwara, Kongo, lakini kazi nafanya Arua siku tatu kwa wiki. Nasaidia kuhesabu vifaa kama ninyi, na nina tatizo. Skana ikiwa kwenye kompyuta ya mwenzangu inaandika ARU-0417. Kwenye yangu inaandika hivi:

QRU)à'&è

Nimebadilisha waya, nimebadilisha tundu la USB, bado. Skana imekufa?

FundiWaArua

Haijafa ndugu yangu. Kompyuta yako iko kwenye kibodi ya Kifaransa. Kama nilivyosema, skana inajifanya kibodi, na yenyewe inajua kibodi ya Kiingereza tu. Inasema "nimebonyeza kitufe kilichoko mahali pa A", Windows yako inajibu "mahali hapo kwetu ni Q". Tarakimu ndiyo kabisa, maana kwa Kifaransa 1 bila Shift ni &, 4 ni ', 7 ni è, sifuri ni à. Ukiisoma hiyo takataka yako herufi kwa herufi utaona ni ARU-0417 kamili.

Njia mbili. Unapohesabu, weka kibodi ya Kiingereza pale chini kwenye Windows. Au tafuta kile kijitabu kilichokuja na skana, kuna ukurasa wenye bakodi za nchi mbalimbali. Piga ile ya Ufaransa na skana itajifunza. Mipangilio yake mingi hufanywa kwa kuskani kijitabu chake chenyewe.

Jirani_wa_Ariwara

Nimepiga bakodi ya Ufaransa. Imeandika ARU-0417. Aksanti sana! Kijitabu tulikuwa tumekunja kuzuia dirisha lisigonge.

MzeeWaBombo

Wanangu, hamjambo. Nilikuwa mtunza stoo miaka mingi, nimestaafu, niko Bombo nafuga kuku. Hizi skana sikuzikuta, lakini huyo kijana aliyeskani karatasi namjua vizuri. Zamani alikuwa anaitwa "nakili ya mwezi jana". Anachukua leja ya mwezi uliopita, ananakili, anabadilisha tarehe. Kalamu imebadilika kuwa taa nyekundu, mtu ni yule yule.

Kwanza, anayetunza stoo hahesabu stoo yake. Yumbe wahesabiwe na mtu wa Koboko, Koboko na mtu wa Moyo. Pili, anayehesabu hapewi orodha. Hapa ndipo naona ulikosea, mwanangu. Ukimpa mtu orodha ya vitu 38 umeshampa jibu la mtihani. Mpe chumba, mwambie aandike alichokikuta. Orodha ibaki kwako. Tatu, hesabu pande mbili. Toka kwenye kitabu uende kwenye kitu, uone kilichopotea. Kisha toka kwenye kitu uje kwenye kitabu, uone kilichoingia kinyemela. Wengi hufanya ule upande wa kwanza tu, halafu wanashangaa siku ya kukaguliwa.

FundiWaArua

Shikamoo mzee. La orodha limenigusa. Niliwatumia orodha, lebo, na lebo za akiba, katika bahasha moja.

MzeeWaBombo

Marahaba. Ulimpa fisi bucha na kisu juu.

Afisa_Rununu

Uzi mzima mnaona tatizo ni mtu. Mimi naona tatizo ni teknolojia ya zamani. Wekeni lebo za mawimbi ya redio, unapita mlangoni na kifaa, vyote vinajihesabu.

KijanaBusia

Na bei ya msomaji wake unailipa wewe? Tena zile lebo za kawaida zikibandikwa juu ya chuma mawimbi yanavurugika. Kompyuta ya mezani ni sanduku la chuma. Kuna lebo maalumu za chuma, nazo bei yake ni nyingine. Kwa vifaa 214, bastola ya waya inatosha.

MamaLebo

Mimi nafanya kazi ya kuchapa, Nasser Road, Kampala, na naomba kusema jambo moja kuhusu stika zenyewe, kwa sababu wateja wanarudi kwangu na hasira wakati kosa ni lao.

Kuna lebo inayochapwa kwa joto moja kwa moja, bila wino wala utepe. Ni ile ile karatasi ya risiti ya dukani. Ukiibandika karibu na tundu la laptopu linalotoa hewa moto, karatasi yenyewe inaendelea "kuchapwa" na joto mpaka inakuwa nyeusi. Ukiiacha juani dirishani, inafifia. Mtu akipangusa laptopu kwa sanitaiza, mistari inaondoka. Kwa vifaa vya ofisi chapa kwa utepe, juu ya plastiki ya poliesta, siyo karatasi. Bei inapanda, lakini unabandika mara moja.

Jambo la pili, msivute picha ya bakodi kwenye Word kuipanua au kuifinya ili ienee. Skana inasoma uwiano wa unene wa mistari na nafasi zake. Ukiifinya vibaya na printa ya wino ikavuja kidogo, mistari inagusana. Na acheni nafasi nyeupe kushoto na kulia, isiyopungua mara 10 ya unene wa mstari mwembamba. Mtu ananiletea muundo, nembo ya shirika imekalia nafasi nyeupe yote, halafu anasema skana mbovu.

FundiWaArua

@MamaLebo sasa hapa mama yangu umenishika. Zile za Arua nilichapa kwa printa ya wino kwenye karatasi ya stika, juu yake nikapiga selotepu zisilowe. Ukiskani ikiwa imenyooka hazisomi. Ukiinamisha skana kidogo zinasoma. Ni nini?

MamaLebo

Selotepu inang'aa, inarudisha mwanga wote machoni pa skana kama kioo. Ukiinamisha, ule mng'ao unakwenda pembeni. Endelea kuinamisha mwaka huu, mwakani njoo Nasser Road.

Ulitumia bakodi ya aina gani? Kama ni ile ya fonti, Code 39, hakikisha nyota mbili ziko mwanzo na mwisho, *ARU-0163*. Bila nyota ni mapambo tu. Mimi napendelea Code 128. Inachukua nafasi ndogo, na ina tarakimu yake ya kujikagua ndani, kwa hiyo ikichubuka skana hukataa kuliko kusoma uongo.

PipiKifua

Kwa wanaojiuliza kitu hiki kilianza lini: bakodi ya kwanza ya UPC, ile ya bidhaa za madukani, kupita kwenye skana ya duka ilikuwa tarehe 26 Juni 1974, Marekani, jimbo la Ohio, mji wa Troy. Kilichouzwa ni pakiti ya chingamu.

MzeeWaBombo

Mwaka huo mimi nahesabu magunia ya unga kwa chaki ukutani. Na yalikuwa yanatimia.

AfisaVifaa_wa_Wilaya

Nimesoma kimya kimya tangu juzi. Sisi upande wa serikali kila mwisho wa mwaka wa fedha kuna kamati ya kuhesabu mali, na wajumbe wake hawatoki kwa mtunza stoo mwenyewe. Mzee wa Bombo kasema kweli tupu.

Naongeza moja. Msitegemee stika peke yake, chongeni namba. Sisi vifaa vinachongwa kwa kalamu ya umeme kwenye plastiki au chuma. Stika inabanduliwa kwa kucha ya mtu kwa dakika moja. Namba iliyochongwa ukiisugua inaacha kovu, na kovu lenyewe ni ushahidi. Bakodi iwe ya kasi, mchongo uwe wa usalama, na vyote viwili vibebe namba ile ile. Na chini ya mistari ya bakodi chapeni namba inayosomeka kwa macho. Siku skana ikikosa umeme mtaendelea na kalamu.

Tena stika msibandike kwenye betri, kwenye chaja, wala kwenye kifuniko cha chini kinachofunguka. Nimeona laptopu tatu zimebadilishana vifuniko kwa fundi, zikarudi na vitambulisho vya watu wengine.

KijanaBusia

Mafundi tunasingiziwa mengi, ila hilo la vifuniko ni kweli.

DadaHesabu

Mimi nauliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Rejesta yenu ina safu gani zaidi ya namba? Maana mnahesabu vizuri halafu mnaniletea orodha isiyo na tarehe ya kununua wala bei. Kwa kodi ya mapato hapa Uganda kompyuta zinapunguzwa thamani asilimia 40 kwa mwaka, kwa salio linaloshuka. Laptopu ya shilingi 2,000,000 inabaki 1,200,000 mwaka wa kwanza ukiisha, wa pili 720,000, wa tatu 432,000. Bila tarehe mimi napunguza nini?

Na mna bahati, risiti za EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, zinakuja na QR yake na namba ya hati. Siku kifaa kinapoingia, kabla hakijatoka kwenye boksi: skani siriali, skani stika mpya, skani QR ya risiti, mstari mmoja. Dakika moja. Miaka mitatu baadaye hutafuti bahasha kwenye kabati lenye panya.

Jirani_wa_Ariwara

Kuhusu QR, sisi tulichapa kwa Snipe-IT, programu ya bure ya kutunza rejesta ya vifaa. Nzuri sana, unaelekeza simu kwenye stika, ukurasa wa kifaa unafunguka. Lakini tulipohama ofisi na seva ikapata anwani mpya, QR zote zilikuwa zinaelekeza kwenye seva ya zamani. Stika mia na zaidi zikawa vipofu kwa siku moja.

FundiWaArua

Ndiyo maana mimi ndani ya bakodi naweka namba tupu. Namba haihami nyumba.

Wakuu, nipeni wiki mbili. Naenda kuhesabu upya.

PipiKifua

Tumekaa hapa. Birika liko jikoni.

FundiWaArua

Nimerudi. Zilikuwa wiki tatu, mvua iliharibu barabara.

Nilivyofanya: kila mlango nilibandika bakodi yake juu ya fremu, kwa ndani. Anayehesabu akiingia chumbani anaskani mlango kwanza, halafu kila kifaa mara mbili, stika na kiwanda. Orodha hakuna, nakala za akiba nimezifungia Arua. Watu wa vituo walibadilishana. Faili likija natazama saa kwanza, namba baadaye. Kifaa kimoja kinachukua sekunde 20 hadi 40 ikiwa mtu anainama kweli. Faili la kituo kile safari hii lilichukua saa moja na dakika kumi, na lina pengo la dakika kumi na tano katikati. Hilo pengo nimelipenda. Mtu aliyekwenda msalani ni mtu aliyekuwa anatembea.

Pale stika ya kiwanda imefutika, tuliwasha mashine na kuiuliza yenyewe. Kwenye PowerShell, lile dirisha la amri la Windows, unaandika Get-CimInstance Win32_BIOS, siriali inatoka. Kwa Linux ni dmidecode. Kompyuta za mezani zilizoundwa na mafundi wa mtaani zilinijibu "To be filled by O.E.M.", yaani kiwanda hakikuijaza. Hizo nimezichonga, kama alivyosema afisa wa wilaya.

Kati ya 214 zimepatikana 209. Zile laptopu tatu: moja iko kwa fundi mjini tangu Februari, hatujamlipa, naye hakosei kuishikilia. Nyingine alihama nayo mfanyakazi aliyeacha kazi, kaahidi kuirudisha na kwa kweli kairudisha, imo ndani ya hizo 209. Ya tatu, ARU-0163, mpaka leo hakuna anayesema kitu. Limeenda polisi.

DadaHesabu

Na upande wa pili wa mzee? Vilivyopo ambavyo havimo kitabuni?

FundiWaArua

Viwili, dada. Kimoja ni printa ya mradi uliokwisha, wafadhili walituachia bila barua.

Cha pili ni UPS. Aliyehesabu kituo kile alikuwa msichana wa Koboko, na kwa kuwa hakupewa orodha, alifuata kila waya mpaka unapoishia. Waya mmoja ukatoka dirishani, ukapita chini ya mwembe, ukaingia kibanda cha askari. UPS iko chini ya kiti chake, ina soketi imejaa chaja za simu, na redio juu. Askari akasema aliikuta imetupwa uani miaka miwili iliyopita, akaibadilisha betri kwa hela yake. Na kweli betri ni mpya, ana risiti.

MzeeWaBombo

Ukamnyang'anya?

FundiWaArua

Hapana mzee. Nimeipa ARU-0215. Mahali: kibanda cha lango. Mwenye dhamana: askari wa zamu. Ya betri DadaHesabu anisaidie, naiandika kwenye safu gani?

DadaHesabu

Mrudishieni hela yake kwanza, halafu nitumie ile risiti.